Dawa Izimapo Fahamu: Je, Akili Ni Ubongo Tu?

Msomaji ameuliza: "Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji kwa nusukaputi. Niliambiwa nihesabu, nikafika nne, kisha nikajikuta nimeamka na saa tatu zimepita. Sikuota, sikuhisi muda ukienda. Kwa kweli sikuwapo. Tangu siku hiyo najiuliza: ikiwa dawa kidogo inayopita katika damu inaweza kuniondoa kabisa, je, akili yangu ni kitu chochote zaidi ya ubongo? Na ikiwa ni ubongo tu, mbona ninapoamua kuinua mkono naona wazi kwamba ni mimi niliyeuinua, wala si seli zangu?"

Swali lako ni moja kwa umbo, lakini limebeba maswali matatu, na mkanganyiko mwingi katika mjadala huu hutokana na watu kulijibu moja wakidhani wamelijibu jingine. Kuna swali la utegemezi: je, akili inaweza kufanya kazi bila ubongo kuwa katika hali fulani? Kuna swali la umoja: je, akili na ubongo ni kitu kimoja chenye majina mawili, au ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja? Kisha kuna swali la uelewa: hata tukikubali kwamba ni kitu kimoja, je, tunaona inawezekanaje kiwe hivyo? Usingizi ule wa dawa unalijibu swali la kwanza kwa nguvu, unaligusa la pili kwa mbali, na la tatu haulifikii kabisa.

Kabla sijaendelea, niseme machache kuhusu maneno yenyewe. Kiswahili kina akili, nafsi, moyo, roho na fahamu, na kila neno hushika sehemu ya jambo hili bila kulishika lote. Nitatumia akili kwa maana pana ya kuwaza, kuhisi, kutaka na kukumbuka, na fahamu kwa ile hali ya ndani ya kuonekewa na ulimwengu, ambayo ndiyo uliyoipoteza juu ya meza ya upasuaji. Roho kama inavyofundishwa katika dini ina hoja na vyanzo vyake, nami sitaitolea hukumu hapa. Inafaa hata hivyo kutazama jinsi lugha yetu ilivyosimama pande zote mbili za mzozo: tunasema mtu aliyezirai amerudiwa na fahamu, kana kwamba fahamu ilikuwa safarini, na papo hapo neva tunaziita mishipa ya fahamu, kana kwamba fahamu ni kitu kinachopita mwilini kama damu. Picha hizo mbili ndizo zilizoshindana katika falsafa kwa karne nyingi.

Kuhusu utegemezi, ushahidi ulioupata mwilini mwako si wa kubezwa. Tangu tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton alipomlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya madaktari mjini Boston, imejulikana hadharani kwamba kemikali inaweza kuizima fahamu kisha ikaachia irudi. Yaliyofuata yameonyesha kwamba utegemezi huo si wa jumla tu, bali una sehemu na mipaka yake. Mwaka 1861 Paul Broca alichunguza ubongo wa mgonjwa ambaye enzi za uhai wake alielewa mengi aliyoambiwa lakini karibu kila alipojibu alitoa silabi ileile, "tan"; akakuta sehemu ya mbele ya upande wa kushoto imeharibika. Mwaka 1953 Henry Molaison aliondolewa sehemu za ndani za ubongo, kushoto na kulia, ili kifafa chake kitulie, na tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio ya maisha yake. Jambo la kustaajabisha ni kwamba aliendelea kujifunza ustadi wa mikono: siku baada ya siku mkono wake ulizidi kuwa hodari katika zoezi ambalo yeye mwenyewe aliapa hajawahi kuliona.

Anayeamini kwamba akili ni kitu kilicho kando na ubongo ana jibu la zamani kwa ushahidi wa namna hii. Kinanda kikivunjika, atasema, muziki hukatika, lakini mpigaji hajafa; amekosa tu chombo. William James, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1898, alitetea wazo linalofanana na hilo, akisema yamkini ubongo hupitisha fikra kama kioo cha rangi kinavyopitisha mwanga, badala ya kuzizalisha. Kimantiki jibu hilo halina kosa, na yeyote anayekuambia kwamba sayansi imelikanusha moja kwa moja amekwenda mbio kupita ushahidi. Hata hivyo mimi naliona dhaifu kwa sababu moja mahususi. Ugonjwa unaozila sehemu za mbele za ubongo unaweza kumfanya mtu mpole awe mkali, na mwenye huruma asiwajali tena aliowapenda maisha yake yote. Ikiwa kuharibika kwa kinanda hakubadilishi mlio tu, bali pia nyimbo anazozipenda mpigaji, kumbukumbu yake ya nyimbo hizo na mapenzi yake kwa wanaomsikiliza, basi kila tulichodhani ni cha mpigaji kimegeuka kuwa cha kinanda, na hatujui tena ni nini kilichobaki upande wa pili.

Lakini wanaotetea uwili wa akili na mwili hawakuanza na majeraha ya ubongo. Walianza na jambo ambalo kila mtu analo karibu zaidi, yaani kujijua. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mkamilifu, anaelea hewani, macho yamefunikwa, viungo vimetanuliwa visigusane, na hewa yenyewe haimpigi. Mtu huyo hana habari ya mikono yake, wala moyo wake, wala ubongo wake; lakini hatakosa kujua kwamba yupo. Kwa hiyo, alisema, kile anachokithibitisha si kile asichokijua. Miaka 600 hivi baadaye, mwaka 1641, René Descartes alitoa hoja ya ukoo huohuo: naweza kujifikiria waziwazi kama kitu kinachowaza bila umbo wala ukubwa, na naweza kuufikiria mwili waziwazi kama kitu chenye umbo na ukubwa kisichowaza, basi ni vitu viwili, na kimoja chaweza kuwapo bila kingine.

Hoja hizi ni nzuri sana, nami sijachoka kuzisoma, lakini zina ufa ambao Antoine Arnauld aliuonyesha mwaka huohuo wa 1641 kwa mfano wa jiometri. Mtu anaweza kuwa na hakika kwamba pembetatu aliyoichora ndani ya nusu duara ina pembe mraba, na bado akatilia shaka kwamba mraba wa upande wake mrefu unalingana na jumla ya miraba ya pande mbili fupi. Shaka yake haiitengi sifa hiyo na pembetatu. Inaonyesha tu kwamba hajaijua pembetatu yote. Vivyo hivyo, watu waliitazama nyota ya alfajiri na nyota ya jioni kwa vizazi vingi bila kujua kwamba zote mbili ni Zuhura. Waliweza kuifikiria moja bila nyingine, lakini kilichokuwa viwili kilikuwa njia za kuijua sayari hiyo, wala si sayari yenyewe. Mtu anayeelea wa Ibn Sina anatuonyesha kwamba tunayo njia ya kujijua isiyopitia mikono na macho. Hatuonyeshi kwamba kinachojuliwa kwa njia hiyo hakina mwili.

Nasema kwa heshima kwamba hoja yako ina ufa kama huo, ila umetokea upande wa pili. Kutokana na kwamba fahamu huzimika ubongo ukitiwa dawa, umeelekea kuhitimisha kwamba fahamu ndiyo ubongo. Moshi haupo pasipo moto, na ukiuzima moto moshi unakoma; bado moshi si moto. Ili kuvuka kutoka utegemezi hadi umoja tunahitaji hoja nyingine, na hoja hiyo, kwa maoni yangu, haikutoka katika chumba cha upasuaji bali katika barua.

Mwezi Mei mwaka 1643, Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia aliyekuwa akiishi uhamishoni nchini Uholanzi, mwenye umri wa miaka 24, alimwandikia Descartes kumwomba aeleze jambo moja: nafsi ya mtu, ikiwa ni kitu kinachowaza tu, huwezaje kuusukuma mwili ufanye tendo la hiari? Hakuishia kuuliza, alionyesha kwa nini jibu ni gumu. Kitu husogea, alisema, ama kwa kusukumwa, ama kwa namna kinavyosukumwa na kile kinachokisogeza, ama kwa sifa na umbo la uso wake. Mambo mawili ya kwanza yanahitaji mgusano, la tatu linahitaji ukubwa; na Descartes ameinyima nafsi ukubwa wote, ilhali mgusano hauwezekani kwa kitu kisicho na maada. Sijui swali la kifalsafa lililoulizwa kwa ufasaha zaidi ya huo. Ni swali lako la mkono, lililoulizwa karibu miaka 380 kabla yako.

Descartes alijibu kwa unyenyekevu na kwa shida. Alitoa mfano wa uzito: tunadhani uzito ni sifa inayousukuma mwili kuelekea chini, wala hatufikirii kwamba uzito unaugusa kwa uso wake, basi tuifikirie nafsi hivyohivyo. Elisabeth hakuridhika, kwa kuwa Descartes mwenyewe alikuwa amekwisha kufundisha kwamba wazo hilo la uzito ni kosa. Akaandika kwamba kwake ni rahisi zaidi kuipa nafsi maada na ukubwa kuliko kukipa kitu kisicho na maada uwezo wa kuusogeza mwili na kusogezwa nao. Hapo Descartes, katika barua ya tarehe 28 Juni 1643, alisema jambo ambalo wengi huliona kuwa ni kukwepa lakini mimi naliona kuwa ni ungamo la thamani: kwamba muungano wa nafsi na mwili hueleweka vyema katika maisha ya kila siku na mazungumzo ya kawaida kuliko katika tafakuri, na kwamba yeye hutumia saa chache tu kwa mwaka katika mawazo yanayoishughulisha akili peke yake. Mwaka 1649, katika kitabu chake juu ya hisia za nafsi, aliitaja tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo kuwa ndipo nafsi inapofanyia kazi hasa. Lakini kutaja mahali si kueleza namna. Swali la Elisabeth linaikuta nafsi hata kwenye tezi.

Wapo wanaomtetea Descartes kwa kusema kwamba hata mpira mmoja ukiugonga mwingine hatuoni "namna" yoyote. Tunaona tu kwamba tukio hili hufuatwa na lile, kama David Hume alivyofundisha karne iliyofuata. Nalikubali jambo hilo nusu. Linaondoa sharti la mgusano, lakini haliondoi ugumu uliokuja baadaye, ambao ni mzito zaidi. Tuufuate mkono wako kinyumenyume. Mkono umeinuka kwa sababu misuli ya bega imejikunja. Misuli imejikunja kwa sababu ncha za neva zimemwaga juu yake kemikali ya kupitisha ishara iitwayo asetilikolini. Neva zimefanya hivyo kwa sababu mkondo umeshuka kutoka uti wa mgongo, na mkondo huo umetoka katika gamba la ubongo, ambako seli zimefyatuka kwa sababu ya chaji zilizovuka utando wake kutokana na ishara za seli nyingine. Kila hatua ambayo wanafiziolojia wameweza kuifuatilia imekutwa na sababu ya kimaumbile kabla yake. Hakuna kituo katika safari hiyo ambapo mnyororo umekatika na kuacha nafasi ya mkono wa pili usioonekana kuingia. Jaegwon Kim, aliyeshughulika na suala hili kwa miongo mingi, aliliweka hivi kwa ufupi: ikiwa sababu ya kimaumbile inatosha kuuinua mkono, basi uamuzi wako ama ni mmoja wa viungo vya mnyororo huo, ama hauna kazi.

Waliotaka kubakisha vitu viwili walijaribu njia nyingi za kutoka hapo. Nicolas Malebranche alisema kwamba Mungu ndiye huuinua mkono kila mtu anapotaka. Leibniz akasema kwamba akili na mwili vilipangwa tangu mwanzo viende sambamba bila kugusana kamwe. Sitakaa hapo. Njia inayostahili kupimwa kwa makini ni ya Thomas Huxley, aliyesema mwaka 1874 kwamba fahamu imeambatana na mwili kama filimbi ilivyoambatana na garimoshi: inatokana na mvuke wa injini lakini haisukumi gurudumu hata moja. Nadharia hii ina mvuto kwa sababu haipingani na fiziolojia. Lakini itazame kwa kulinganisha na barua yako. Uliniandikia kuhusu saa tatu zilizopotea. Ikiwa fahamu haisukumi kitu, basi vidole vyako viliandika "sikuwapo" bila kusukumwa hata kidogo na yale uliyoyapitia. Na mtu anayelia kwa maumivu halii kwa sababu anaumia. Siwezi kulikubali hilo. Nadharia inayonitaka niamini kwamba maneno yote yaliyowahi kusemwa kuhusu maumivu hayakutokana na maumivu imeuza kile hasa ilichotaka kukiokoa.

Ndiyo maana naegemea upande wa umoja, na unaona kwamba si kwa sababu ya nusukaputi bali kwa sababu ya mkono. Uamuzi wako uliuinua mkono kweli. Sababu za kimaumbile nazo ziliuinua kweli. Wala mkono haukuinuliwa mara mbili. Maelezo yanayoyahifadhi yote matatu kwa urahisi zaidi ni kwamba uamuzi wako ni mmoja wa matukio hayo ya kimaumbile, ukitazamwa kutoka ndani. U. T. Place mwaka 1956 na J. J. C. Smart mwaka 1959 walilieleza wazo hili kwa mfano wa umeme wa angani. Sisi wenye Kiswahili tunao wepesi wa kuuelewa, kwa kuwa mwako unaopasua anga wakati wa mvua na nishati inayopita katika waya tunaviita kwa neno moja. Lakini kwamba ni kitu kimoja kulihitaji majaribio ya karne ya 18, wala hakukupatikana kwa kuchambua maana za maneno. Mkondo wa chaji hauuleti ule mwako kama kitu cha pili. Huo mwako ndio mkondo.

Hapa ndipo naweza kuijibu nusu ya pili ya swali lako. Umesema kwamba ni wewe uliyeinua mkono, wala si seli zako. Neno "wala" ndilo lenye tatizo. Kusema kwamba seli zimeuinua mkono badala yako ni sawa na kusema kwamba sauti za waimbaji zimeujaza ukumbi badala ya kwaya. Kwaya si mwimbaji mmoja zaidi anayesimama nyuma ya wengine. Ni hao waimbaji wakiimba kwa mpangilio fulani. Gilbert Ryle, mwaka 1949, alionyesha jinsi tunavyopotea tunapoiandika akili katika orodha moja na viungo vya mwili, kisha tukaanza kuitafuta mahali pake. Wewe hukukaa pembeni ukitazama ubongo wako ukifanya kazi. Ubongo huo ukifanya kazi kwa mpangilio huo, ukiwa ndani ya mwili huo, ndiko wewe kuamua.

Watu hupenda kunipinga hapa kwa kutaja nguvu ya imani juu ya mwili, hasa dawa bandia ambayo humpa nafuu mgonjwa aliyeaminishwa kwamba ni dawa ya kweli. Wanaona kwamba hapo akili imeushinda mwili. Lakini mwaka 1978 watafiti wa California waliwafuatilia wagonjwa waliong'olewa meno na waliopata nafuu kwa dawa bandia, wakawapa nalokisoni, dawa ambayo huzuia kazi ya afyuni katika neva, maumivu yakazidi. Maana yake ni kwamba tumaini la wagonjwa lilikuwa limeufanya mwili utoe afyuni yake wenyewe. Nafuu ilikuwa ya kweli, na imani ilikuwa sababu ya kweli, lakini imani hiyo ilipita katika njia ambazo kemikali inaweza kuzifunga. Kwangu mimi huo si ushindi wa akili juu ya mwili wala wa mwili juu ya akili, maana hapakuwa na pande mbili za kushindana.

Umoja huo usichukuliwe kwa wembamba kupita kiasi. Hilary Putnam, mwaka 1967, aliuliza: ikiwa maumivu ndiyo hali fulani mahususi ya ubongo wa binadamu, tuseme nini kuhusu pweza, ambaye neva zake zimepangwa kwa namna tofauti kabisa, na nyingi kati ya hizo zimo mikononi mwake? Ama pweza haumii, ama maumivu hayafungwi na aina moja ya nyama. Kutokana na hapo ilizuka nadharia ya uamilifu, inayoitambua hali ya akili kwa kazi yake: kinachoizusha, inachokizusha, na uhusiano wake na hali nyingine. Nakubaliana na Putnam kuhusu pweza. Ila hilo halivunji nilichokisema juu ya mkono wako, kwa kuwa kila tukio la maumivu, liwe la mtu au la pweza, bado ni tukio la mwili fulani.

Sasa nafika kwenye swali la tatu, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi, na ambalo naona watu wengi wa upande wangu hulipita kwa haraka isiyofaa. Leibniz aliandika mwaka 1714 kwamba tukiikuza mashine inayowaza, tukaingia ndani yake kama tunavyoingia ndani ya kinu, tutakuta vipande vinavyosukumana, wala hatutakuta chochote cha kueleza hisi. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na leo tunaingia ndani ya kinu hicho kwa vyombo ambavyo Leibniz hakuviota. Bado tunachokikuta ni vipande vinavyosukumana. Thomas Nagel aliuliza mwaka 1974 kuna hali gani ya kuwa popo, mnyama anayetambua vitu kwa mwangwi wa sauti yake, akasema kwamba hata tukiijua fiziolojia yote ya popo, hali hiyo kama ilivyo kwa popo mwenyewe itabaki nje ya maelezo yetu. Frank Jackson, mwaka 1982, alimbuni mwanasayansi aitwaye Mary anayejua kila jambo la kimaumbile kuhusu rangi ilhali ameishi katika chumba cha nyeusi na nyeupe tu; siku atakapotoka na kuona nyekundu, je, hatajifunza jambo jipya? Jackson alihitimisha kwanza kwamba uyakinifu, yaani imani kwamba kila kilichopo ni cha kimaumbile, si kweli, kisha miaka mingi baadaye akaiacha hoja yake mwenyewe. Namheshimu kwa yote mawili.

Jibu la kawaida la wana-umoja ni lilelile la Zuhura: Mary anapata njia mpya ya kujua kitu alichokwisha kukijua. Naamini jibu hilo ni sahihi, lakini halimalizi kazi. Saul Kripke alionyesha kwa nini, katika mihadhara aliyoitoa mwaka 1970. Tunapogundua kwamba umeme wa angani ni mkondo wa chaji, tunaweza kueleza kwa nini ulionekana kuwa kitu kingine: upo umeme wenyewe, na upo mwonekano wake machoni petu, na huo mwonekano tunaweza kuuweka kando kama athari ndani ya mtazamaji. Kwa maumivu hatuna pa kuweka kando. Maumivu yanavyoonekana kwa anayeumia ndivyo yalivyo. Hakuna maumivu yaliyojificha nyuma ya yale yanayohisiwa. Hivyo mfano wa Smart unafanya kazi vizuri hadi hatua ya mwisho, kisha unateleza mahali tulipouhitaji zaidi. Joseph Levine, mwaka 1983, aliliita jambo hili pengo katika maelezo, na David Chalmers, mwaka 1995, akalitofautisha na maswali mengine ya ubongo kwa kuliita tatizo gumu. Chalmers analichukua pengo hilo kuwa pengo katika ulimwengu wenyewe. Mimi nalichukua kuwa pengo katika uelewa wetu, kwa sababu ya hoja ya mkono niliyokwisha kuitoa. Lakini nasema kwa uwazi kwamba sina maelezo ya kuliziba, na ninayemwona amekosea zaidi kuliko Chalmers ni yule anayesema hakuna pengo.

Kuna njia moja ambayo huirudia kila mara nikiwaza suala hili. Bertrand Russell, mwaka 1927, alikumbusha kwamba fizikia hutuambia maada hufanya nini na huhusianaje, lakini haituambii maada ni nini yenyewe kwa ndani. Ikiwa ndivyo, basi tumekuwa tukishangaa jinsi fahamu inavyoweza kutoka katika kitu ambacho undani wake hatujawahi kuujua, isipokuwa pengine mahali pamoja tu, yaani hapa tunapohisi. Wengine wameliendeleza wazo hilo hadi kusema kwamba kila chembe ya maada ina kitu cha jamii ya fahamu; siwafuati hadi huko, kwa kuwa hawajaeleza chembe hizo ndogo zingeunganaje kuwa mtu mmoja anayehesabu hadi nne. Lakini onyo la Russell linatosha kunizuia nisitumie neno "tu" ulilolitumia. "Ubongo tu" ni usemi wa mtu anayedhani anakijua kikamilifu kile anachokidharau.

Nimalizie kwa kurudi kwenye saa zako tatu, kwa kuwa umezifanya ushahidi na mimi nataka tuutazame ushahidi huo kwa karibu. Umeandika kwamba hukuwapo. Unachokijua hasa ni kwamba hukumbuki, na hayo ni mambo mawili. Mwaka 1977 daktari Michael Tunstall alieleza mbinu anayofungwa mgonjwa mkanda wa kubana mkononi kabla ya kupewa dawa ya kulegeza misuli, ili mkono huo mmoja usipooze pamoja na mwili mwingine. Kisha, akiwa katika nusukaputi, huambiwa aubane mkono wa daktari. Baadhi ya wagonjwa hubana. Wanapozinduka, kwa kawaida hawakumbuki kuambiwa wala kubana, na wangeweza kuandika barua kama yako. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako. Dawa za usingizi zinaweza kuizima fahamu kabisa, na zinaweza pia kuifuta kumbukumbu peke yake, na mara nyingi hufanya yote mawili kwa pamoja. Ninachosema ni kwamba ukiwa ndani ya nafsi yako, hali hizo mbili huwezi kuzitofautisha asubuhi inayofuata. Kama kulikuwa na mtu pale mezani katika saa zile, hukuwa na njia ya kumjua kwa kujitazama. Njia pekee iliyokuwapo ilikuwa kuutazama mkono wako na kusubiri kuona kama utabana.